Mkebe wa Saa Tisa

Kuna watu wanaokula kwa jasho la mikono, kuna wanaokula kwa ulimi, na kuna mama mmoja aliyekula kwa macho yake miaka kumi na tisa. Kiwandani walimwita Jicho. Alikuwa nayo mawili kama wewe na mimi, tena mazima, lakini jina la utani haliombi ruhusa.

Kilikuwa kiwanda cha soda. Chupa tupu zikirudi kutoka madukani huoshwa, na kabla hazijajazwa hupita kwenye mkanda mbele ya kioo cheupe chenye taa nyuma yake. Hapo mtu hukaa kwenye kiti kirefu akatazama. Yenye ufa, iliyomeguka mdomo, iliyobakiwa na kipande cha mrija ndani, anaichomoa na kuitupa kwenye pipa la kushoto. Anatazama dakika ishirini, halafu anampisha mwenzake na kwenda kukaa kwenye benchi, aangalie mlango wa ghala ulio mbali ili macho yapumue. Utasema hiyo nayo ni kazi? Kaa wewe basi. Chupa tisini kwa dakika, zote sura moja, zote zinameremeta, na moja katika mia tano ndiyo mbaya.

Jicho hakupitwa. Siku moja alichomoa chupa iliyoonekana safi kuliko maji yaliyoiosha. Msimamizi wa zamu, kijana mrefu aliyeitwa Penseli kwa sababu ya penseli iliyokaa sikioni mwake mwaka mzima, akaigeuza juu chini asione kitu.

"Mama, hii ina nini?"

"Mguu wa mbu," akajibu bila kugeuza shingo.

Wakatia maji, wakatikisa, wakamwaga kwenye sahani nyeupe. Ukatoka mguu wa mbu. Mbu mwenyewe hawajamwona mpaka leo.

Sasa, Penseli alikuwa na kazi moja isiyompatia marafiki. Kila siku alichanganya chupa tano za mtego katikati ya zile nyingine, chupa mbovu kwa makusudi, zenye doa la rangi chini ya kitako. Mwisho wa mkanda alisimama kuzinasa zilizopita. Ukipitwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja, unahamia kwenye makreti, ukapange na kubeba na wapakizi. Kwa miaka kumi na tisa Jicho alizichomoa zote tano, akizipanga mbele yake kama mtu anayeanika vikombe. Halafu mumewe akaingia jikoni.

Mumewe walimwita Gunia. Miaka thelathini alibeba magunia kwenye maghala ya nafaka, mpaka goti la kulia likakataa. Aliporudishwa nyumbani alikaa dirishani wiki sita, haongei, anatazama mikono yake. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa, nyumba ilikuwa kimya. Jicho alikuwa akirudi kazini anamkuta palepale alipomwacha, na roho ilimuuma. Kisha asubuhi moja akasikia kisu jikoni. Mzee anakata vitunguu, machozi yanamtoka, anapiga mluzi. Tangu siku hiyo jiko likawa lake, na ole wako uguse mwiko.

Alichojivunia zaidi ni chakula cha mkewe cha mchana. Alinunua mikebe minne ya bati inayokaa mmoja juu ya mwingine, ikibanwa na mshikio mmoja kama ghorofa. Chini wali, umeshindiliwa kwa mgongo wa kijiko. Juu yake viazi. Juu yake maharage. Ghorofa ya nne nyama yenye mchuzi, na ndizi mbili zimelazwa juu kama walinzi.

"Mume wangu, hiki chote?"

"Njaa mwana malegeza," Gunia alikuwa akijibu, na kuufunga mshikio. Kwake methali hiyo iliishia hapo.

Na jioni alikagua. Alifungua mkebe mmoja mmoja, akachungulia. Ikiwa mitupu, uso wake uling'aa. Yakibaki maharage kidogo, alinyamaza mpaka wakati wa kulala. Kwa hiyo Jicho alimaliza. Utafanyaje? Mtu amerudi duniani kwa ajili ya mikebe minne, wewe umrudishie chakula?

Lakini tumbo halina adabu. Ilipofika saa nane chupa zilianza kumbembeleza. Ilipofika saa tisa kope zilikuwa nzito kama mapazia yaliyolowa mvua. Mwezi wa tatu wa mikebe, Jumatatu moja, Penseli alimjia na chupa mkononi. Ndani yake mrija mwekundu umesimama wima, hata kipofu angeuona. Alhamisi yake akaja na nyingine, mdomo umemeguka.

"Mama," akasema, "hizi ni mbili. Mwezi unaisha Ijumaa ijayo. Ya tatu sina uwezo nayo, utaratibu haunijui mimi wala wewe."

Jicho aliitikia kwa kichwa. Alikwenda chooni akalia kidogo, akanawa, akarudi kwenye kiti chake. Aliogopa. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, kiuno chake hakijui makreti, na kiti kile ndicho mahali pekee duniani ambapo hakuna aliyemshinda.

Mwenzake wa kupokezana kiti alikuwa dada mmoja aliyeitwa Redio, na jina lake usiniulize. Redio alikuwa na dawa ya kila kitu.

"Dada, kahawa! Vikombe vitatu, nyeusi, bila sukari. Utaona mpaka kesho kutwa."

Jicho akanywa vitatu. Kweli aliona. Aliona nyufa kwenye kila chupa. Ndani ya dakika ishirini alitupa chupa kumi na nne nzima, moyo unakimbia kama umeiba, na Penseli akaja mbio kuuliza kama mashine ya kuoshea imepasuka.

"Basi karanga," Redio akasema. "Karanga ni chakula cha akili. Na samaki, ubongo unapenda samaki. Na mayai. Na mboga za majani, zile za kijani kabisa."

Ushauri haukuwa mbaya. Ubaya ni kwamba Jicho alivila vyote hivyo juu ya zile ghorofa nne. Mtu ameshiba wali, viazi, maharage na nyama, anaongeza mayai mawili, samaki na karanga bakuli zima ili awe macho! Siku hiyo alisinzia benchini, amekaa wima, macho wazi, anatazama mlango wa ghala. Redio alimpungia mkono usoni mara tatu kabla hajashtuka.

Jumanne ya wiki ya mwisho akaenda kwa muuguzi wa kiwanda, akidhani ana ugonjwa. Muuguzi alikuwa mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Akampima presha, akamchoma kidole apime sukari, akamtazama macho. Vyote vizuri.

"Jana mchana ulikula nini?"

Jicho akataja. Muuguzi alikuwa akiandika. Alipofika kwenye viazi akaweka kalamu chini.

"Wageni walikuwa wangapi?"

"Peke yangu."

"Na kazini unabeba nini?"

"Sibebi kitu. Natazama."

"Sasa mama yangu, unakula chakula cha mabega na kazi yako ni ya macho." Akavuta kiti karibu. "Asubuhi usitoke na chai tupu. Kula yai, mkate kipande, na tunda. Mchana kula kidogo: samaki au maharage vijiko vichache, mboga za majani zijae. Saa tisa, karanga kiganja kimoja na chungwa. Na maji, kila ukipisha kiti, maji. Kiu nayo inalegeza akili, watu hawajui tu."

"Na kahawa?"

"Kikombe kimoja asubuhi hakina ugomvi. Vitatu ni wewe na Mungu wako. Lakini hakuna chakula cha miujiza hapo, nisikudanganye. Dawa yako wewe ni kupunguza."

"Mume wangu anasema njaa mwana malegeza."

"Malizia."

"Shibe mwana malevya," akasema.

Alijua methali yote tangu utoto. Ila nyumbani kwake nusu ya pili ilikuwa haijapikwa siku nyingi.

Dawa aliipata, lakini kuimeza kulikuwa kugumu. Amwambie nini Gunia? Kwamba chakula kilichomtoa dirishani ndicho kinachomtoa mkewe kitini? Jioni ile alifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza mzee alikuwa anaimba akiosha mchele. Mara ya pili alimgeukia akauliza, "Leo viazi vilikuwaje?" na macho yale yakamshinda. "Vitamu," akasema Jicho, na havikuwa vichungu kweli.

Basi akatafuta njia ya panya. Jumatano asubuhi aliamka mapema, akachemsha mayai mawili, moja akalila palepale, jingine akalitia mfukoni mwa koti la kazi pamoja na chungwa. Mchana akachota kwenye mikebe vijiko vitatu vya maharage na kipande cha nyama, mboga akanunua kantini, na ghorofa zilizobaki akazipeleka kwenye meza ya wapakizi wa makreti. Wale hawakuuliza maswali. Mmoja mwenye shingo nene alikula wali wote, akafuta mkebe kwa kidole, akasema, "Mama, hiki chakula kinambeba mtu mpaka jioni." Jicho akanywa maji, akapanda kitini. Saa tisa ikafika ikapita. Chupa tano za mtego akazipanga mbele yake, moja, mbili, tatu, nne, tano, na Penseli akatoa penseli sikioni kwa heshima. Alhamisi vilevile.

Lakini za mwizi ni arobaini, na za Jicho zilikuwa mbili tu.

"Mke wangu, nimeona," Gunia alisema Alhamisi jioni. "Siku hizi mikebe inarudi imefutwa kwa kidole. Kumbe hushibi! Na unaona aibu kuniambia mimi mumeo."

Akainua mkebe wa tano, mpya, unameta.

"Mshikio unabana minne tu. Huu nitakuletea mwenyewe kesho mchana, ukiwa wa moto."

"Goti lako, baba watoto..."

"Goti langu ni langu."

Ijumaa, siku ya mwisho ya mwezi, saa sita na nusu, Jicho alikuwa ameketi kantini na yai lake la kuchemsha na sahani ya mboga. Meza ya pili wapakizi walikuwa wamezingira ghorofa nne. Redio ndiye aliyeona kwanza, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kiwanda kile alikosa la kusema. Mlangoni alisimama Gunia, shati la kutokea, fimbo mkono mmoja, mkebe mkono wa pili, mvuke unatoka.

Alitazama mkewe. Alitazama mikebe yake. Kijana mwenye shingo nene alikuwa anaramba kijiko.

"Shikamoo mzee," kijana akasema.

"Marahaba." Gunia akavuta kiti mbele ya mkewe, akakaa polepole. "Kumbe nawapikia wanaume wengine."

"Mume wangu, sivyo."

"Kama ni kibaya ungesema. Mimi ni mtu wa magunia, sikusomea jiko."

"Ni kitamu. Ndiyo shida yake."

Hakuelewa, na hakutaka kuelewa. Akafungua ule mkebe wa tano, wali na kunde na nyama ya kukaanga, akaula wote mwenyewe kwa hasira, na hasira, kama unavyojua, haijui kutafuna. Jicho alimtazama mpaka alipomaliza. Angeweza kumweleza, lakini maneno yangefanya nini? Akainuka akaenda kwa Penseli.

"Baba, naomba mume wangu aketi karibu na mimi zamu moja tu. Dakika ishirini."

"Mama, utaratibu..."

"Mguu wa mbu niliuona mimi au utaratibu?"

Penseli akakuna kichwa kwa penseli. Saa nane na nusu Gunia alikuwa amevalishwa koti jeupe na kofia ya kuzuia nywele, juu ya upara usio na unywele hata mmoja, na kuketishwa kando ya kioo. Redio alilazimika kwenda kusimama mbali.

"Tazama tu," Jicho akamwambia. "Mbovu ukiiona, sema."

"Kutazama chupa!" Gunia akasema. "Mimi nilibeba kilo tisini ngazi kwa ngazi."

Mkanda ukaanza. Dakika ya pili akapaza sauti, "Hiyo!" Lilikuwa tone la maji. Dakika ya nne akapiga miayo. Dakika ya sita kichwa kikainama kama anayekubali jambo, na ya saba akakoroma, mkoromo wa mtu aliyekula kwa hasira, ukaishinda mashine ya kuoshea.

Jicho alitamani kucheka, na alitamani kugeuka amwone alivyo na ile kofia. Alitamani pia kulia, maana saa mbili zilizopita alimuumiza mtu asiyestahili. Hakufanya hata moja. Mitego minne alikwisha kuichomoa tangu asubuhi, ulibaki mmoja. Mkoromo ukapanda, na hapo ikaja chupa iliyo nzima kabisa, safi, isipokuwa uzi mmoja mwembamba wa mwanga uliopinda kitakoni. Akaichomoa. Akaigeuza. Doa la rangi.

Akaitupa kwenye pipa badala ya kuipanga, kwa furaha tu, nayo ikavunjika kwa kishindo.

Gunia akaruka kitini. "Nani kaanguka?" alipiga kelele. "Nani kaanguka?"

"Hakuna aliyeanguka," Jicho akasema, macho kwenye chupa. "Kaa, baba watoto. Bado dakika tano."

Alipompisha Redio kiti, wakakaa wote wawili benchini, wakitazama mlango wa ghala. Mzee alikuwa ameivua kofia, ameikunja magotini.

"Nimelala," akasema.

"Umelala."

"Dakika ngapi?"

"Ulifika ya saba. Mimi wiki iliyopita nilikuwa sifiki."

Akamweleza yote: mrija mwekundu, mdomo uliomeguka, kahawa, muuguzi, makreti. Gunia alisikiliza bila kukatiza. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema katika miaka thelathini na moja ya ndoa.

"Tulikuwa na mwenzetu ghalani. Alikuwa anakuja bila kitu tumboni, anasema atakula jioni. Siku moja, saa tisa, akaanguka ngazini na gunia mgongoni. Mimi nilikuwa nyuma yake. Hakuinuka tena, mke wangu." Akaikunjua kofia, akaikunja tena. "Ndiyo maana nikishindilia ule wali, nasema moyoni, wa kwangu haanguki saa tisa."

Jicho alimshika mkono, palepale, mbele ya Penseli na watu wote. Alimpenda sana saa ile, na hakuona haya.

"Na mimi nilikuwa naanguka saa tisa," akasema. "Ila kwa shibe."

Gunia akafikiri. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na Jicho akadhani analia, kumbe ni kicheko. "Shibe mwana malevya," akasema mzee, akijifuta macho kwa ile kofia. "Na mimi nimelewa mbele ya wakwe wa kiwanda kizima!"

Penseli akapita akatangaza kwa sauti ya ofisini kwamba mwezi umeisha na mama ana mbili tu. Wapakizi wakapiga kreti kwa viganja.

Jumatatu mikebe ilikuwa minne palepale. Jicho alipoinua mshikio nyumbani alishtuka kwa wepesi wake.

"Wa kwanza wa saa nne, yai na kipande cha mkate," Gunia akaeleza, kidole kikipanda ghorofa kwa ghorofa. "Wa pili wa mchana, samaki na mboga, maharage vijiko vinne, nimehesabu. Wa tatu usiuguse mpaka saa tisa."

"Na wa nne? Huu mzito."

"Wali. Wa yule kijana mwenye shingo. Yule anabeba, asije akaanguka."

Saa tisa Jicho alimpisha Redio kiti, akanywa maji, akaenda benchini na mkebe wa tatu. Karanga zilikuwa kiganja kimoja, kiganja cha Gunia lakini, si chake. Kando yake chungwa lililomenywa na kutenganishwa vipande, ngozi nyeupe imeondolewa yote. Kwa mazoea ya macho yake akainua kipande juu ya mwanga wa dirisha kutafuta mbegu. Haikuwemo. Akainua cha pili, cha tatu, mpaka vyote kumi na kimoja. Kila kimoja kilikuwa na mkato mdogo ubavuni mahali mbegu ilipotolewa kwa ncha ya kisu.

Akamwona moyoni mzee wake asubuhi ile amesimama dirishani pale alipokaa wiki sita, anainua kipande kimoja kimoja cha chungwa kwenye mwanga, anakagua. Jicho alivila vyote, taratibu, na alipomaliza akarudi kwenye kiti chake.